Safu Niliyoijaza Daftarini

Mpendwa Baba Claudine,

Wajua sikuwa mtu wa kuomba msamaha. Ulizoea kunitania kwamba hata nikiunguza maharage, nitamlaumu aliyeniuzia makaa. Leo nakuomba radhi, na kwa kuwa huwezi kunijibu, nisikilize tu.

Unakumbuka mwaka wa tisini na mbili, wagonjwa wangu wa kifua kikuu walipokuwa wakipotea pale zahanati ya Gatsata? Mtu anameza dawa mwezi mmoja, anapata nafuu, haonekani tena, kisha analetwa kwenye machela akikohoa damu. Mimi muuguzi nilikuwa na majina bila makazi. Wewe, karani wa ofisi ya komini, serikali ya mtaa wetu, ulikuwa na kadi za wakazi wote. Nilikusumbua wiki nzima mpaka ukaanza kuniletea hizo kadi, chache chache, nikaziunganisha na orodha ya daftari langu kwenye meza yetu ya chakula.

Ulinionya mara moja tu: "Mama Claudine, andika nyumba. Kabila usiandike. Wewe unatafuta wagonjwa. Atakayelishika daftari baada yako, hujui atatafuta nini."

Nikaitikia, kisha nikaandika. Kadi zilikuwa na safu ya kabila, na shuleni kwa masista tulifundishwa kwamba safu tupu ni uzembe. Sina sababu nyingine. Niliona aibu kuwa na daftari lenye mapengo.

Na lilisaidia, hilo siwezi kulikana. Mukamana, yule fundi cherehani mwenye mapacha, nilimpata kwa daftari hilo akiwa amebaki mifupa. Akapona. Alikushonea shati la buluu, ukalivaa mpaka kola ikachakaa.

Aprili ya tisini na nne, mauaji yalipoanza, nilikuambia ukweli kuhusu safu ile. Hukunifokea. Ulivaa viatu, ukasema unakwenda zahanati kulichoma daftari. Wauaji walikuwa wamekutangulia, wakakuua mlangoni pa zahanati. Kisha wakafuata mpangilio wangu, nyumba kwa nyumba. Mukamana nilimponya kwa daftari lile, na kwa daftari lile wakampata, yeye na wanawe. Nina uchungu, lakini aibu ninayoona inauzidi uchungu.

Sasa ni Desemba. Daktari wetu mpya, aliyekulia Uganda, anataka tuunganishe tena orodha zetu na za ofisi. Aliniambia, "Mama, wagonjwa iko wengi. Tusipojua wanakaa wapi, watakufa." Ni kweli. Nikamwambia daftari letu liwe la namba tu. Majina na makazi yakae kwenye kitabu kingine, kwa mtu mwingine, chini ya kufuli. Kabila lisiulizwe kamwe. Na asiyetaka kuandikwa apewe dawa vilevile. Alikubali shingo upande.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke mwenye kikohozi kibaya, mtoto mgongoni. Nilipomuuliza jina lake na anakaa wapi, aliitazama kalamu yangu, akasema, "Unipe dawa tu, Mama." Sikumlazimisha. Nilimpa za wiki mbili, naye akaahidi kurudi zikiisha.

Zimeisha zamani. Jana nilitembea Gatsata nzima nikimtafuta, nikasimama njiani kama mjinga, maana sikuwa na jina la kumuulizia.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Claudine