Upande Wako wa Bao

Chaka, Nyeri

Dada yangu Mwanaidi,

Nakushika miguu, hata kama ni kwa karatasi. Goti la kushoto linasemaje? Na macho? Najua barua hii utasomewa na mjukuu wako Saumu, basi mwambie asikimbie. Babu yake ameiandika polepole. Mimi nipo. Kifua hunibana asubuhi, baridi ya mlima inaposhuka, na daktari wa Nyeri amenikataza safari ndefu. Kwa hiyo lile neno la kuja Lamu tuliache.

Nahama tena. Ploti hii imeuzwa, na vyumba vyetu vya mbao vitabomolewa pajengwe maduka. Nimepata kitanda huko Timau, katika nyumba ya wazee inayotunzwa na watawa. Sista mkuu ni mtu mwema. Ameniambia nitaswali bila kusumbuliwa, lakini pia amesema wazi kwamba kila mzee huingia na sanduku moja tu. Vitabu havikunipa taabu, maana niliyoyapenda ndani yake nimeyahifadhi. Taabu ilikuwa michezo.

Hukuwahi kuiona. Nilipoletwa huku kufundisha nilikuwa na bao la baba, basi. Halafu wazee niliokuwa nikicheza nao wakaanza kufa. Sijui desturi hii ilianzaje, lakini mwenzetu akishazikwa, watu wake hawataki kuutupa mchezo wake wala kuona watoto wakiuchezea. Huufunga kwa gazeti wakaniletea. "Weka, Mwalimu. Wewe ndiye ulikuwa unacheza na yeye." Nami naweka. Ndiyo maana kabati langu limejaa drafti na ludo na sataranji, na hata keram kubwa ya jirani yetu Mhindi wa duka la vitambaa, ambayo mjane wake aliniachia alipohamia kwa mwanawe ng'ambo. Kadiri watu wa kucheza nami walivyopungua, ndivyo michezo ilivyoongezeka.

Jirani yangu Mama Njeri, anayeuza viazi kando ya barabara ya Nanyuki na kuniita Guka, yaani babu, alikuja kunisaidia kuchagua. Nilimwambia kanuni yangu: nitabeba mchezo ambao mwenzangu wa kuucheza bado yu hai.

"Hii ya Gitonga?" Alikuwa ameshika ubao wa drafti na mfuko wa vifuniko vya soda.

"Gitonga tulimzika wakati wa mvua. Wewe mwenyewe ulipika."

"Na hii chesi? Ai, Guka, hii farasi ni gunzi ya mahindi."

"Gunzi hilo liliwahi kumla malkia wa hedmasta. Naye pia hayupo."

"Basi beba hii ya nyoka na ngazi. Hii haitaki mtu ako na akili."

"Ndiyo sababu siibebi."

"Lakini huko Timau si utapata watu wa kucheza?"

"Nilienda kuwaona. Wanakaa wakitazama mlango."

Mama Njeri alichukua ludo moja akaifuta vumbi kwa leso yake, kisha akairudisha pale pale.

Drafti niliwapa vijana wa boda boda pale stejini. Kesho yake ilinyesha, na nilipopita nilimkuta mmoja wao ameikalia. Sikumlaumu. Benchi lilikuwa limelowa, na ubao ulikuwa mkavu.

Likabaki bao, Dada. Kwa kanuni yangu ndilo pekee lililofaa, kwa kuwa mwenzangu wa bao ni wewe uliyenifunza, ukumbini kwa mama, ukinifunga kila siku na kunicheka. Lakini halikuingia sandukuni. Nikalipeleka kwa fundi Muriuki, nikamwambia alipunguze kidogo liingie, nikaenda zangu kunywa chai.

Nieleze jambo moja. Wakikuyu nao wana bao lao, wanaliita giuthi, na safu zake ni mbili. Letu lina safu nne, mbili zako na mbili zangu. Pamoja na miaka yote niliyoishi nao, sikufikiria kumwambia Muriuki hilo siku ile.

Niliporudi alikuwa amelipasua katikati, kwa urefu, baina ya upande wako na wangu. Kazi safi. Alikuwa amelipiga na msasa, kila upande.

"Mwalimu, kumbe zilikuwa mbili zimeshikanishwa," alisema kwa furaha. "Nimezitoa. Moja utabeba, hiyo ingine upee rafiki."

Nilikaa juu ya mbao zake. Ubao ule wa mbambakofi baba aliuchonga msimu mzima wa masika.

"Ama nimekosea?"

"Hujakosea," nikamwambia. "Rafiki yupo."

Mama Njeri alitaka turudi, ligundishwe. Lakini likigundishwa haliingii, na lisipoingia litaachwa hapa libomolewe pamoja na chumba. Basi upande wangu umo sandukuni, chini ya kanzu. Upande wako utakuja na barua hii kwa basi. Utaujua hata kwa vidole: una ile alama ya moto, uliposahau pasi ya makaa juu yake mama akakufukuza mpaka kwa jirani. Kete nimezigawa sawa.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie kahawa ya huku bado haifikii yake. Msalimie mpwa wangu Ali, mwalimu wa chuo, na mkaza mwanao Mama Saumu anayekuogesha. Mungu amlipe, maana mimi sitaweza. Na Saumu, kwa kusoma mpaka hapa.

Ukipenda, panga kete zako uzishikeshike. Zamu yangu usiingoje.

Mdogo wako,
Bakari