Mbuzi Aliyekula Kivuli

Mdogo wangu Saidi,

Misigiri nzima imenuna, mimi nacheka! Mbuzi kala nyasi zilizofunika kitalu cha vitunguu cha kijiji chetu cha ujamaa. Miche iliyobaki juani imepauka, vilevile kama ulivyoniandikia kuhusu mwani wako mwekundu kwenye mabeseni! Kumbe mwanga unaoupikia mmea chakula, ukizidi, huunguza na chungu.

Usiutupe mwani huo! Ila sijui kosa ni la mwanga au la joto. Beseni moja lifunike kwa makuti. La pili liache juani, ulipoze kwa maji mapya ya bahari. Uone mwani upi unabaki mwekundu.

Mpe Mama shikamoo yangu, nimewakumbuka mno. Na andika upesi! "Mwalimu, tumchinje?" wanakijiji wananiuliza. Nimewaambia mbuzi huyu anasubiri majibu kutoka Tanga.

Dada yako, Mwanaidi