Bastola Moja ya Kila Kazi

Mjukuu wangu Kiprono,

Salamu kutoka huku ughaibuni, mtaa wa Abu Hamour. Mama yako akitoka zamu hospitalini ananipikia ugali huku akiimba, nami nimenenepa.

Sasa wewe pia ni askari wa wanyamapori, kama nilivyokuwa mimi, unauliza bastola gani moja itafaa doria, shabaha na gwaride. Mwenzangu Barasa alichagua kubwa kuliko zote, akatamba nayo kambini. Porini tukakutana na nyati. Barasa hakuichomoa, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia suruali, iliyovutwa chini na uzito wa bastola. Nyati alitutazama, akaenda zake. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Chukua ile utakayosahau kuwa umeivaa.

Mpaka leo Barasa akinipigia simu, namuuliza kabla ya salamu, “Suruali ipo?”

Babu yako