Krimu ya Mnadani

Marahaba, mjukuu wangu. Hapa Basotu tu wazima, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeuliza kama niliwahi kuuchukia weusi wangu. Niliwahi. Bidhaa za nje zilipoanza kujaa mnadani Katesh, nilinunua krimu ya kujichubua, nikajipaka wiki tatu. Asubuhi moja nikaenda kumkamua ng'ombe wangu mweusi, niliyemlea tangu akiwa ndama. Akaninusa, akarudi nyuma, akanipiga teke.

Mama, ambaye tulifanana naye kama mapacha, akanitazama, akauliza taratibu, "Huu uso niliokupa ulikuwa na kasoro gani?"

Picha yako uliyonitumia nimeitazama sana. Uso wako ni ule wa mama yangu.

Bibi yako