Shada la Uwanda wa Chini

Jumanne, 18 Juni 2019

Mtihani wa mwisho — kemia. Umekwisha! Nimerudi kwa miguu kupitia Mtaa wa Waridi, uliojengwa juu ya Uwanda wa Chini wetu, na, kama kawaida yangu, nimehesabu nyumba. Namba 6: hapa palikuwa na kisima. Namba 10: hapa mbuzi wa Bibi alikula kofia yangu. Namba 14, ghorofa tatu: hapa jino langu la kwanza lilidondoka, nikalitafuta mpaka giza likaingia. Nilikuwa na miaka sita, na nyasi zilinifika masikioni. Sasa nina kumi na sita, na nyasi hazifiki hata kifundo cha mguu. Zinakatwa kila Jumamosi kwa mashine.

Bibi Vasilka bado kalala. Tangu alipoanguka mwezi wa Machi hajasimama. Daktari anasema mfupa umeunga, miguu iko tayari; kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka. Mama akimsihi, anageukia ukutani.

Alhamisi, 20 Juni

Jumatatu ni Enyovden, sikukuu ya mitishamba! Zamani, siku hiyo kabla ya jua, mimi na Bibi tulikuwa tunaingia Uwanda wa Chini kuchuma mitishamba sabini na saba na nusu: mmoja kwa kila ugonjwa, na ile nusu kwa ugonjwa usio na jina. Bibi aliisalimia kama majirani. "Hujambo wewe wa manjano? Mwaka huu umenenepa!" Kisha tulisuka shada kubwa kama mlango, na nyumba nzima ikapita katikati yake kuomba afya. Kila mtu kwa miguu yake. Hiyo ndiyo shida — na ndiyo matumaini yangu.

Tangu nyumba zijengwe, miaka mitatu sasa, hatujachuma.

Nimemwambia Bibi kwamba mwaka huu nitachuma peke yangu. Amecheka kwa pua. Eti nitachuma nini, saruji?

"Kando ya kuta imebaki, Bibi."

"Kando ya kuta wanakojoa mbwa."

Lakini hakugeukia ukutani.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeomba ruhusa ya kuchuma namba 14. Bi Radina, aliyehamia kutoka mji wa Plovdiv, alidhani namtania. "Magugu? Chukua yote, binti yangu! Beba na mizizi yake!" Kisha akauliza hapa palikuwa na nini zamani. Nikamwambia habari za jino. Akainua mguu kidogo kutoka kwenye vigae, kana kwamba amelikanyaga.

Jumapili, 23 Juni

Baba amekunja matawi ya kuwa fremu ya shada. Ameniambia nisimlazimishe mama yake. Sitamlazimisha. Saa ya kuamsha: kumi alfajiri.

Jumatatu, 24 Juni — Enyovden

Nimerudi nimelowa umande mpaka magotini. Aina arobaini na moja. Basi! Nilizunguka kila uzio, kila mtaro. Pale palipokuwa na kamomili nyingi nyeupe sasa pameegeshwa gari jeupe. Nililia kidogo, halafu nikaendelea kuchuma.

Nilisuka shada haraka, nikampelekea Bibi; alikuwa macho. Akauliza ni ngapi. Nilitaka kumdanganya — sikuweza.

"Arobaini na moja! Hilo ni shada au kola ya paka?"

Akalivuta kifuani, akalipekua kama mwalimu anayesahihisha daftari. Akachomoa lavenda. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa Bi Radina. Kanipa mwenyewe, ilikuwa kwenye chungu."

"Mmea wa dukani! Huu unajua ugonjwa gani wa mtu?" Akautupa sakafuni. "Na zaatari iko wapi?"

Nikamwambia kilima chake kimesawazishwa.

"Kilimani ulikuwa unacheza wewe, Nevena. Zaatari ilikuwa kwenye mawe ya mpaka. Na mawe yale tingatinga halikuyagusa — nililitazama dirishani mpaka likaondoka."

"Niambie ni wapi, Bibi. Nitakimbia!"

"Nikuambie, uniletee lavenda nyingine?"

Akasukuma blanketi. Mguu mmoja ukashuka. Akausubiri wa pili kama mtu anayemsubiri mwenzake mzembe. Nikamwambia jua linakaribia kuchomoza, na mtishamba ukipigwa na jua nguvu imekwenda.

"Lichomoze. Mpaka livuke paa la Radina, umande pale kivulini bado upo. Angalau nyumba hiyo ina faida yake. Nipe soksi. Si hizo! Za sufu!"

Kisha akanifukuza chumbani, hataki kutazamwa. Naandika nimeegemea ukuta wa ukumbi. Mama amekuja amevaa gauni la kulalia, mkono mdomoni. Kitanda kimelia.

"Bibi?"

"Nyamaza! Fungua huo mlango wa nje."

Nimefungua. Fimbo ya Bibi imegonga sakafu. Mama amenishika bega. Imegonga tena — karibu zaidi na sisi —