Baba Anasema, Mama Anaandika

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nipe habari za macho yako kwanza, mengine yafuate. Mimi mzima, mafua yalinikaba lakini sasa napumua kama watu wengine. Mama naye nampa shikamoo yake.

Baba, kile kiwanda cha sabuni ninachokichorea maboksi kinataka niwe mkuu wa wachoraji. Mshahara mnono, meza kubwa, kazi kutwa nzima. Nikikubali, riwaya ninayoiandika na kuichora itaingia kabatini, na kabati langu unalijua: kinachoingia hakitoki. Wewe umechora na kuandika maisha yako yote. Niambie bila kunionea huruma, ulifaidi nini?

Kitindamimba wako


19 Februari

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Mwandiko ni wa mama yako, maneno ni yangu. Macho yana ukungu; watu nawaona kama nguo zilizoanikwa. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, anatolewa na mambo yanakwisha. Nimemwambia nitafikiria. (Anaogopa. Mama.)

Unauliza nilifaidi nini. Nilianza kazi katika kiwanda cha uchapaji, nikichora lebo za viberiti. Asubuhi, kabla kengele haijalia, niliandika riwaya nyuma ya karatasi zilizoharibika. Ya kwanza niliipeleka kwa mhariri mmoja. Akaipekua, akasema, "Michoro mizuri. Sasa haya maneno ya nini?" Nikarudi nyumbani nimenywea. Mama yako akaichukua akaisoma jikoni mpaka chakula kikaungua. Tulipokuwa tunakula hicho kilichoungua akaniuliza, "Yule mshonaji baadaye anaolewa au haolewi?" Mwenyewe sikujua. Nikakaa kuandika ya pili ili nijue.

Faida ndiyo hiyo, mwanangu: kuna mtu alitaka kujua. Miaka mingine nilichora tu, mingine niliandika tu. Mwaka mmoja sikufanya chochote, nikawa mkali mpaka paka akahama. (Kweli. Yuko kwa jirani mpaka leo anajifanya hatujui. Mama.)

Sasa tunamaliza riwaya nyingine, mimi nasema, mama yako anaandika. Jana nimemuua fundi saa, kifo cha kuliza watu. (Hajafa. Nimempeleka hospitali na anaendelea vizuri. Usimwambie. Mama.)

Baba yako


2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na poleni na shughuli za uandishi. Barua yenu niliisomea kazini, nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kama nimepata mchumba.

Tusidanganyane, Baba. Wewe unaogopa kisu, mimi naogopa kumkatalia meneja. Basi tufanye hivi: wewe nenda kwa daktari, na mimi nitaingia ofisini kwake. Atakayerudi nyuma, aibu yake.

Mwanao mwoga


10 Aprili

Baba, Mama,

Shikamooni. Mbona kimya? Kila nikisikia posta wanagonga nashuka ngazi mbio, kumbe ni vitu vya watu wa ghorofa ya chini.

Mimi nimeingia. Nilimwambia meneja nataka asubuhi zangu ziwe zangu. Akasema cheo kile kinahitaji mtu mzima. Nikamjibu, "Basi mtafute huyo mzima, mimi nina nusu tu." Akanitazama, kisha akacheka. Nimebaki na maboksi yangu, mchana tu. Wa cheo wamempata, ni kijana mzuri, anapenda mikutano.

Jamani, andikeni hata mstari mmoja. Silali vizuri.

Kitindamimba wenu


27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Safari hii mwandiko ni wangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Tusamehe kwa kimya. Mama yako alikataa kuandika chochote mpaka awe na habari ya kukupa, na mimi nilikuwa nimefungwa bandeji.

Jambo la kwanza nililosoma ni mswada wangu. Fundi saa ni mzima, tena ameoa. Nilimwita mama yako nikamuuliza nani amempa ruhusa. Akasema, "Ulikuwa umechoka siku ile." Nimeisoma tena sura hiyo, na ni nzuri kuliko yangu. Nimeiacha. Kwenye jalada yatakaa majina mawili, ingawa anasema hataki mambo ya kujulikana.

Ila nilitaka kukuambia ya hospitali. Bandeji ilipotolewa, mama yako alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi na chupa ya chai. "Unaniona?" Nikasema naona. "Unaona nini?" Nimeandika waume wengi wakiwatazama wake zao, na pale sikuwa na sentensi hata moja. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Pembeni mwa macho kuna mikunjo iliyokuja wakati mimi sioni. Nikamwomba muuguzi kalamu na karatasi, nikamchora palepale, mkono mzito.

Akaitazama. "Umenizeesha."

"Nimechora ninachokiona."

Akaikunja, akaitia mkobani, na hajanirudishia. Kila asubuhi huitoa kwa siri akaitazama, akidhani mimi bado sioni.

Baba yako