Nyama ya Suluhu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Watiri amekuja tena alfajiri, bila viatu, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko. Yatima huyu analelewa na baba yake mdogo, Ngatia, mwenye bucha hapa Chaka. Safari hii ni mpini wa jembe — kisa, maziwa yamemwagika! Murugi, mke wangu, alimkanda kwa maji ya chumvi. Nilimpeleka kituoni. Askari akataka nimlete mlezi wake aandikishe mashtaka. Nikamwambia mlezi ndiye aliyempiga. Hata hivyo, akasema, lazima aje mlezi.

Jumanne, 5 Machi
Ofisi ya watoto, mjini. Afisa yuko Nanyuki. Karani ana chai yake. "Mwalimu, hii kesi imepitia kwa chifu?" Haijapitia, basi hawaigusi. Vema. Utaratibu ni utaratibu. Kesho kwa chifu.

Alhamisi, 7 Machi
Chifu aliwaita wazee. Nilidhani watasikiliza ushahidi. Watiri akasimamishwa katikati ya wanaume, Ngatia ameketi mbele yake. Mzee Kingori akanigeukia: "Kwani shida ni nini, Mwalimu? Si wewe ulituchapa sisi wote?" Kicheko! Nikajibu kwamba fimbo ya darasani haikumvimbisha mtu mkono. Hawakunisikia.

Ngatia akaonywa, akatoa kondoo wa suluhu. Nyama yake ikishaliwa na pande zote, jambo halifufuliwi tena. Nikakataa fungu langu mbele ya wote, nikaondoka na mtoto. Hapo nimewazuia.

Ijumaa, 8 Machi
Sikuwazuia! Jana jioni, nikiwa kanisani, Waithira, mke wa Ngatia, alileta ubavu uliofungwa kwa gazeti. Akamwambia Murugi ni salamu tu. Murugi akaupika. Sikuwa nimemweleza lolote — mambo ya baraza siyapeleki jikoni. Alikula. Mtoto alikula. Mimi nilikula, nikausifu mchuzi!

Asubuhi chifu alinisimamisha njiani, ameshajua. "Nyumba yako imekula, Mwalimu. Hata mtoto mwenyewe amekula. Sasa unataka nini?"

Nilimweleza Murugi maana ya ile nyama; hajasema nami tangu mchana.

Jumatatu, 11 Machi
Afisa amerudi. Kijana mwenye tai na adabu, alisimama kunipokea. Amekwisha kuarifiwa na chifu kwamba wazee wamemaliza na pande zote zimeridhika. Faili imefungwa. Nikamwomba aje auone mkono kwa macho yake. Gari la ofisi halina petroli. Nikamwambia nitamlipia basi. Akatabasamu. "Mzee, tukiingia kila nyumba yenye kelele, tutalala saa ngapi?"

Mtoto analala kwetu bado. Akisikia baiskeli barabarani, kama ile ya Ngatia, anaingia chini ya meza.

Jumanne, 12 Machi
Wako langoni. Ngatia na naibu wa chifu, kofia mkononi. "Hodi, Mwalimu! Tumekuja kuchukua mtoto wetu."

Wana haki yao, kwa desturi na kwa serikali. Nilikwenda jikoni kumwambia Murugi, aliye na mtoto humo, amtayarishe. Mlango umekomewa kwa ndani. Nikagonga. Nikamwita kwa jina.

"Leo sifungui," akasema. "Hata wewe."

Nimerudi mezani. Wanabisha tena. "Mwalimu? Si tunaona moshi? Uko ndani!"

Sijapata kunyamazia hodi maishani mwangu.

Nimenyamaza. Naibu anajaribu komeo la lango —